Ruti kanali imefeli na umeambiwa ung'oe? Soma huu uzi kwanza (upasuaji wa kuokoa jino)

Nuru_M (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa sababu nilibakiza siku mbili ning'olewe gego ambalo leo hii natafunia, na wakati ule nilipotafuta maelezo ya kina kwa Kiswahili niliambulia "kapige picha" na "ng'oa tu". Mimi si daktari. Nasimulia yaliyonipata na niliyojifunza kwa kuuliza sana.

Jino lenyewe ni gego la kwanza la juu, upande wa kulia. Miaka minne kabla ya haya lilifanyiwa ruti kanali (kusafisha na kuziba mizizi ya jino kwa ndani), likavishwa kofia (kifuniko kigumu juu ya jino), nikalisahau. Siku moja napiga mswaki nikahisi kitu kwenye fizi, juu kidogo ya lile jino. Kipele kama punje ya mtama. Ukikibonyeza kinatoa majimaji yenye ladha ya chumvi iliyochacha, kinanywea, baada ya wiki kinarudi pale pale. Maumivu hayakuwepo hata kidogo, ndiyo maana nilikaa nacho miezi saba. Baadaye nikaelewa kwamba usaha ukishajitobolea njia ya kutokea, ile presha inayoleta maumivu haijengeki, lakini kule ndani mfupa unaendelea kuliwa taratibu.

Nilipewa antibayotiki mara mbili. Kipele kilipotea, kikarudi. Naomba hili tulielewe wote: jino lililofanyiwa ruti kanali halina tena damu ndani yake. Dawa unayomeza husafiri kwa damu, inafika kwenye mfupa unaozunguka mzizi, lakini ndani ya mzizi haingii. Bakteria wamejificha humo, wametulia wakingoja umalize dozi.

Daktari wa kwanza alisema hakuna la kufanya, ling'olewe. Wa pili alifanya kitu kidogo ambacho sikukisahau. Alichukua kijiti laini cha gatapacha (ule mpira wanaozibia mizizi), akakipenyeza polepole kwenye tundu la kile kipele, kisha akapiga eksirei. Kwenye picha nikaona mstari mweupe umeingia kwenye fizi, umepinda, umekwenda kugota kwenye ncha ya mzizi mmoja tu kati ya mitatu. Akaniambia: "Sasa tunajua ni mzizi upi. Bado hatujajua kwa nini."

Hilo "kwa nini" ndilo lililookoa jino langu, na ndiyo sababu ya uzi huu. Eksirei ya pande tatu ilionyesha kwamba mzizi ule wa mbele, upande wa shavu, ulikuwa na vijia viwili ndani yake. Kimoja kilizibwa vizuri. Cha pili hakikuwahi kuguswa. Nimeambiwa kwenye gego la kwanza la juu kile kijia cha pili kipo kwa watu wengi kuliko wasio nacho, na ni chembamba kiasi kwamba bila hadubini ni rahisi kukipita.

Hakukimbilia kisu. Alitoboa katikati ya kofia, akajaribu kukifikia kijia kile kutokea juu, yaani upande wa kutafunia, kwa hadubini. Akapata mdomo wake, akashuka milimita chache, kikagoma. Kilikuwa kimeziba kwa chokaa. Akasema akilazimisha kuchimba anaweza kutoboa ubavu wa mzizi, na hapo tumeharibu kila kitu. Ndipo tukazungumza upasuaji: kama mlango wa juu umegoma, tunaingia kwa mlango wa chini, kwenye ncha ya mzizi.

Siku yenyewe: ganzi, sindano tatu hivi, na kusubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Alieleza kwamba dawa ya ganzi ya kazi hii ina kiasi kikubwa zaidi cha kinachobana mishipa ya damu, ili damu isimzibe macho. Akafungua fizi kama kifuniko cha bahasha. Akatoboa dirisha dogo kwenye mfupa, milimita nne au tano. Akakwangua nyama iliyooza iliyozunguka ncha (ilipelekwa maabara, ikaja kuwa uvimbe wa kawaida wa maambukizi). Akakata milimita 3 za mwisho za mzizi.

Kisha akapaka rangi ya bluu kwenye uso uliokatwa na kuuosha. Nilimwomba anionyeshe kwenye skrini baadaye, kwa kuwa hadubini ilikuwa inarekodi. Uso wa mzizi ulikuwa wa mviringo, mweupe kama pembe. Tundu moja limejaa gatapacha ya rangi ya waridi. Pembeni yake tundu la pili, dogo kama ncha ya sindano, tupu. Na kati ya hayo mawili, mstari mwembamba wa bluu ukiyaunganisha, kama ufa kwenye sahani. Ule mstari ni mfereji halisi, ndimo bakteria walimokaa miaka minne. Nilitazama ile picha kwa muda mrefu.

Akauchimba mstari wote na matundu yote mawili kwa kincha kidogo kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti, kina cha milimita 3 kuingia ndani ya mzizi, akajaza saruji nyeupe ya meno, akapiga eksirei kuhakikisha, akarudisha fizi na kushona kwa uzi mwembamba kama unywele. Kazi yote dakika sabini. Nyuzi zilitolewa siku ya nne.

Ulizeni. Ninachokijua nitajibu, nisichokijua kuna madaktari humu.

Chonge

Asante dada Nuru, umeeleza vizuri. Swali langu: mzizi ukikatwa jino halilegei? Nimeambiwa na mimi nikatwe ncha ya jino la mbele na hicho tu ndicho kinanitia hofu.

Daktari wa Mizizi

Chonge, hofu yako inaeleweka, wagonjwa wengi huniuliza hivyo hivyo. Mzizi wa jino la mbele la juu una urefu wa takriban milimita 13. Tunakata 3. Kumbuka pia mzizi huchongoka kama karoti: sehemu iliyo nene, karibu na fizi, ndiyo yenye nyuzi nyingi zinazoushika kwenye mfupa. Ncha inashika kidogo sana. Jino lenye mfupa mzuri pembeni halitikisiki kwa kupoteza ncha. Lenye ugonjwa wa fizi, ambalo mfupa wake umeshashuka nusu, hilo ni jambo jingine, na hapo mara nyingi nakataa kuoperesheni.

Kwa nini 3 na si 1? Kwa sababu kwenye ncha mfereji mkuu hugawanyika kama mto unapoingia baharini. Ukikata milimita 3 unaondoa asilimia 98 ya vile vijia vya nchani na asilimia 93 ya vile vya pembeni. Ukikata zaidi ya hapo huongezi faida kubwa, unapunguza mzizi bure.

Niongeze kitu ambacho kinawachanganya hata wahudumu wa afya wenzetu. Kuna watu bado wanasema "upasuaji wa ncha ya mzizi haufanyi kazi". Wanasema hivyo kwa sababu wanaukumbuka ule wa zamani: mashine kubwa ya kuchimbia, mzizi unakatwa kwa mshazari wa nyuzi 45 ili daktari aone, tundu la mfupa la milimita 8 hadi 10, kisha kuziba kwa amalgamu (ule mchanganyiko wa metali wa kuzibia meno). Kukata kwa mshazari kunafungua mirija midogo mingi ya jino na kuacha ukuta wa nyuma haujaonekana kabisa. Siku hizi tunakata karibu wima, tunatazama kwa hadubini, tunatumia vincha vya mawimbi ya sauti vilivyoanza kuenea miaka ya 1990, na tunaziba kwa saruji inayokubalika na mwili. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2010, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta njia ya zamani ikifaulu kwa asilimia 59 na ya hadubini kwa asilimia 94. Jina la operesheni ni moja, kazi ni mbili tofauti. Kwa hiyo Chonge, kabla hujakubali, muulize daktari wako anatumia hadubini au hatumii, na anaziba kwa nini.

Mdau Mtulivu

Daktari, hiyo saruji ni saruji kweli au ni jina tu?

Daktari wa Mizizi

Ni saruji kweli, ndugu. Iliyoanza inaitwa MTA. Ilitoka kwa Mahmoud Torabinejad na wenzake pale Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na msingi wake ni saruji ya Portland, ndugu wa ile ya kujengea nyumba, iliyosafishwa na kuongezewa madini ya bismuthi ili ionekane kwenye eksirei. Uzuri wake ni kwamba inaganda kwenye unyevu. Mdomoni hakuna pakavu, na kwenye tundu la mfupa lenye damu ndiyo kabisa. Amalgamu haikupenda hayo mazingira. MTA inayataka. Baada ya muda mwili huweza hata kujenga tabaka jipya la mzizi juu yake. Msiende kuichukua ya dukani, nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuulizwa.

Baba Rehema

Wakuu, mimi kesi yangu ni gego la pili la chini, kushoto. Ruti kanali miaka sita iliyopita, kofia juu. Limeanza kuuma nikitafuna. Daktari kasema ncha imeoza lakini upasuaji kama wa dada Nuru hauwezekani kwa jino hilo, ila kuna njia ya kuling'oa, kulitengeneza nje ya mdomo na kulirudisha. Nilitoka pale nikidhani sikusikia vizuri. Kuna mtu amewahi kufanyiwa hii?

Nuru_M

Pole sana Baba Rehema. Hiyo njia ipo kweli, lakini namwachia Daktari aieleze kwa sababu mimi nimeisoma tu.

Daktari wa Mizizi

Umesikia vizuri kabisa. Gego la pili la chini limekaa kwenye sehemu ambayo mfupa wa nje wa taya ni mnene sana, mizizi imeelekea upande wa ulimi, na chini yake unapita mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu. Kulifikia kwa dirisha la mfupa ni kuchimba mwendo mrefu gizani karibu na mshipa usiotaka kuugusa. Ukiuumiza, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa miezi, au moja kwa moja.

Kwa hiyo badala ya sisi kulifuata jino, jino linatufuata. Linang'olewa kwa uangalifu mkubwa, koleo likishika kichwa cha jino tu, kamwe si mzizi, na hatutumii ile nyenzo ya kupenyeza kati ya jino na mfupa. Likishatoka, daktari au msaidizi analishika kichwani, analimwagia maji ya chumvi ya hospitali bila kukoma, mwingine anakata ncha milimita 3, anachimba, anaziba, anakagua mzizi mzima kama una ufa. Linarudishwa kwenye shimo lake. Kwa nini hatushiki mzizi? Kwa sababu juu ya mzizi kuna utando wa chembe hai, na hizo ndizo zitakazolishika tena na mfupa. Zikikauka zinakufa. Tunalenga jino lisikae nje zaidi ya dakika 15, na tukiweza chini ya 10 ni bora zaidi.

Chembe zile zikifa, jino linaweza kuganda moja kwa moja na mfupa, kisha mwili ukaanza kuula mzizi polepole. Hatari nyingine ni jino kuvunjika wakati wa kung'oa, hasa lenye mizizi iliyopindia ndani kama ndoana au iliyotanuka. Mgonjwa lazima aingie akijua kwamba likivunjika ndiyo limeondoka.

Wala si jambo jipya. Abul Qasim al-Zahrawi, mganga mpasuaji wa Andalusia (Hispania ya enzi za Waislamu) aliyefariki mwaka 1013, alieleza kurudisha jino lililotoka na kulifunga kwa nyuzi kwenye meno jirani. Miaka elfu moja imepita. Yeye hakuwa na hadubini.

Baba Rehema, nina swali moja kwako. Hiyo kofia ina umri gani, na kuna mtu ameikagua ukingo wake?

Baba Rehema

Ina miaka sita, ile ile. Kuikagua, hapana, sikumbuki. Walipiga picha tu.

Daktari wa Mizizi

Ikaguliwe kabla ya lolote. Ukiziba ncha ya chini huku maji ya mate yanaingia kwa juu, utakuwa umeziba mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Na uliza: je, kurudia ruti kanali kutokea juu kumeshindikana, au hakujajaribiwa? Kwa kawaida kurudia ndiko kunatangulia. Upasuaji unakuja pale ambapo kuna pini ndefu (iliyosimikwa ndani ya mzizi) isiyotoka bila kuvunja mzizi, au kipande cha sindano ya kusafishia mizizi kimekatikia ndani, au kijia kimeziba kama cha Nuru, au kazi ya ndani ni nzuri kabisa na bado uvimbe haupungui, jambo ambalo wakati mwingine maana yake ni uvimbe wa maji uliojitenga na jino au bakteria waliotoka nje ya mzizi. Hao hawafikiki kutokea juu hata ungekuwa bingwa wa dunia.

Tumaini K

Naomba niandike upande mwingine wa habari, maana kila mtu humu anasimulia mafanikio.

Jino langu la mbele la juu lilifunguliwa fizi tukitegemea kukata ncha. Daktari alipopaka ile rangi ya bluu akanyamaza. Kulikuwa na ufa wima, kutoka nchani hadi karibu na shingo ya jino. Alinieleza pale pale, nikiwa na ganzi, siwezi hata kuuliza swali vizuri. Mzizi uliopasuka wima haushikani tena, bakteria wanapita kwenye ufa kama maji. Lilitolewa siku ile ile.

Nilikasirika mwanzoni, nikahisi nimepotezewa muda. Baadaye nikakumbuka kwamba alishaniambia kabla: fizi ilikuwa na shimo jembamba lenye kina sehemu moja tu, kijiti chake cha kupimia kilizama ghafla milimita 9 na pande nyingine zote zilikuwa 2 au 3. Alisema hiyo ni dalili ya ufa, lakini kwenye picha haukuonekana, na hakuna namna ya kuwa na hakika bila kufungua. Nilisaini nikiwa najua. Machozi yalinitoka, sitaficha. Ni jino la mbele, kila mtu analiona. Lakini sikujutia kufungua, kwa sababu ningeng'oa bila kujua ningebaki nikijiuliza maisha yangu yote.

Nuru_M

Dada Tumaini, pole sana, na asante kwa kuandika. Nimeongeza habari yako kwenye mambo ninayowaambia watu.

Mtaalamu Huru

Samahanini, mimi sioni sababu ya mateso haya yote. Jino limekufa, limeoza, toa, weka implanti (jino bandia la skrubu inayofungwa kwenye mfupa), kwisha. Nina implanti mbili, mwaka wa nane, hazijanisumbua.

Nuru_M

Mkuu, nafurahi kwamba zako ziko sawa, na kwa dada Tumaini implanti huenda ndiyo njia nzuri iliyobaki. Ila neno "kwisha" silikubali. Implanti inahitaji mfupa wa kutosha, operesheni yake, miezi ya kusubiri, na yenyewe inapata ugonjwa wa fizi unaokula mfupa kuizunguka, ambao kuutibu ni kazi ngumu. Jino lako lina nyuzi hai zinazokuambia umeuma kitu kigumu kiasi gani. Skrubu haina. Na kubwa zaidi kwangu ni hili: jino lililookolewa likishindwa baada ya miaka kumi, implanti bado itakuwepo. Jino likishang'olewa leo, huwezi kubadili mawazo kesho.

Daktari wa Mizizi

Nakubaliana na Nuru, na Mtaalamu Huru naye ana hoja kwa baadhi ya meno. Jino lisilo na angalau milimita 2 za jino imara zinazozunguka juu ya fizi, ambazo kofia itazishika, nitalitibu mzizi vizuri na bado litavunjika. Hapo upasuaji ni kumchosha mgonjwa. Wakati mwingine tunaweza kushusha fizi na mfupa kidogo au kulivuta jino litoke juu kwa waya ili kupata hizo milimita 2, lakini si kila jino linavumilia.

Chonge

Kuna mtu kaniambia kwenye gego unaweza kukata mzizi mmoja mbovu ukabakiza mingine. Ni kweli?

Daktari wa Mizizi

Ni kweli. Gego la juu lina mizizi mitatu, unaweza kutoa mmoja wa upande wa shavu na jino likasimama kwa miwili. La chini lenye mizizi miwili linaweza kupasuliwa katikati, nusu moja ikatolewa na nusu ikabaki kama jino dogo lenye kofia yake. Inafaa pale ufa au ugonjwa wa mfupa umeshika mzizi mmoja tu. Shida ni kwamba mzizi uliobaki unabeba mzigo wa wote, na mara nyingi likija kushindwa hushindwa kwa kuvunjika. Wewe una jino la mbele, mzizi mmoja, kwa hiyo haikuhusu.

Binti wa Mzee

Mama yangu ana miaka 71, anachomwa sindano ya kuimarisha mifupa kila miezi sita. Anatakiwa kufanyiwa hii ya kukata ncha. Hatujamwambia daktari wa meno kuhusu sindano, hakuuliza. Kuna tatizo?

Daktari wa Mizizi

Mwambieni leo, tafadhali, msingoje siku ya miadi. Baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge na za sindano, zinapunguza uwezo wa mfupa wa taya kujijenga upya ukishajeruhiwa, na kuna wachache ambao mfupa hubaki wazi bila kupona. Hatari ni ndogo kwa dozi za mifupa dhaifu na kubwa zaidi kwa dozi za wagonjwa wa saratani, lakini inabadilisha mpango mzima. Kwa mtu kama mama, kurudia ruti kanali kutokea juu bila kugusa mfupa kunapewa kipaumbele kikubwa. Na msimwachishe sindano wenyewe kwa kuogopa, madaktari wawili wazungumze. Hali kadhalika wanaotumia dawa za kuyeyusha damu: usiache hata siku moja bila aliyekuandikia kujua.

Binti wa Mzee

Asante sana daktari. Nimempigia simu dada yangu sasa hivi, kesho asubuhi anakwenda.

Mdau Mtulivu

Dada Nuru, baada ya operesheni ilikuwaje? Hapo ndipo wengi tunaogopa.

Nuru_M

Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyotegemea. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Siku ya kwanza nilikuwa sawa, ya pili shavu likajaa, ya tatu jicho la kulia likawa linafunguka nusu, kisha likaanza kushuka. Hakuna aliyeniambia kwamba siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, kwa hiyo usiku ule niliogopa sana. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa vipindi, siku ya kwanza tu. Kulala kichwa kikiwa juu. Dawa ya maumivu niliyoandikiwa nilimeza kabla ganzi haijaisha, hilo lilinisaidia mno. Kusukutua dawa taratibu, bila kutema kwa nguvu. Na jambo moja alilonikataza kwa ukali: usinyanyue mdomo kwa kidole kwenda kutazama nyuzi kwenye kioo. Unazivuta. Nilitamani kila saa.

Kwa kuwa mizizi ya magego ya juu inakaa karibu na sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu), niliambiwa pia nisipenge kamasi kwa nguvu wiki mbili na nikipiga chafya niache mdomo wazi.

Ikitokea uvimbe unashuka shingoni au unapanda machoni baada ya siku ya tatu, au kumeza kunakuwa kugumu, au homa inapanda, hapo usiandike uzi. Nenda hospitali.

Nuru_M

Wakuu, narudi baada ya kimya. Nimefikisha mwaka mmoja na jana nilipigwa eksirei ya marejeo. Lile doa jeusi lililokuwa limezunguka ncha, kubwa kama punje ya maharage, limebaki kivuli. Mfupa umejaa, na ule mstari mwembamba unaouzunguka mzizi umerudi karibu wote. Kipele hakijaonekana tangu wiki ya pili. Daktari anataka anione tena kila mwaka, kwa sababu baadhi hupona polepole na unaweza kungoja hadi miaka minne kabla ya kusema neno la mwisho. Pia kuna wanaopona kwa kovu, doa dogo linabaki kwenye picha milele ilhali hakuna ugonjwa, kwa hiyo picha za zamani zitunzwe, ndizo za kulinganishia.

Baba Rehema, uko wapi? Uliishia wapi na gego lako?

Baba Rehema

Nipo dada. Nilikwenda na lile swali la Daktari, kofia ikaguliwe. Yule bwana akaipitishia kincha chembamba ukingoni, kikazama upande wa nyuma, mahali ambapo picha haikuonyesha chochote. Akaivua. Harufu iliyotoka pale niliisikia mimi mwenyewe nikiwa nimelala kwenye kiti. Chini ya kofia kulikuwa na uozo mweusi, laini, na gatapacha imelowa.

Hakuling'oa. Amelisafisha, amerudia mizizi yote kutokea juu, wiki tatu dawa ilikaa ndani, sasa limezibwa na lina kofia mpya. Operesheni imeahirishwa. Nina mwezi wa tano, natafunia upande ule, na picha ya kwanza ya marejeo ni mwezi ujao. Nitaileta hapa hapa.